Bakuli, Kombe au Pambano? Uhakiki wa Istilahi za Michezo ya Vyuo vya Marekani

Wafasiri wengi huyachukulia mambo ya michezo kuwa kazi nyepesi. Mswada wa sheria, ripoti ya afya au mwongozo wa kilimo hupewa siku na kamusi. Habari ya mchezo hupewa dakika chache, kwa kuwa hudhaniwa kwamba neno likikosewa humo hapana atakayeumia. Sisi hatuafikiani na dhana hiyo. Lugha ya michezo haikai viwanjani tu. Huingia katika barua za sifa, vyeti vya wanafunzi, maombi ya kazi na maombi ya masomo, na humo hukutana na maofisa ambao hawana budi kuamua jambo kwa kutegemea maneno waliyosomewa.

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache ambazo mfasiri wa Kiswahili huzifikia upesi anapoandika juu ya michezo ya vyuo vya Marekani. Mfano wetu ni Stagg Bowl, pambano la kila mwaka la vyuo ambavyo Wamarekani wenyewe wamezoea kuviita vidogo. Na tuanze na sentensi moja ambayo tumeitunga kwa makusudi ya uhakiki:

“Kijana huyu alicheza kandanda katika Bakuli la Stagg, kombe la daraja la tatu la vyuo vidogo.”

Sarufi ya sentensi hii haina kasoro. Maneno yake yote, isipokuwa jina la mtu, yanapatikana katika kamusi zetu. Hata hivyo majina matano yaliyomo, yaani kandanda, bakuli, kombe, daraja na chuo kidogo, yote yanampotosha msomaji. Kibaya zaidi ni kwamba msomaji hatajua kuwa amepotoshwa, kwa kuwa hapana hata moja linalomshtua sana. Atajenga picha kamili kichwani, nayo itakuwa picha ya kitu kingine.

Bakuli lilikotoka

Hatuwezi kulihukumu neno kabla hatujaijua historia ya jambo lenyewe. Mwaka 1914 Chuo Kikuu cha Yale, mjini New Haven, kilifungua uwanja uliochimbwa ardhini na kuzungushiwa viti pande zote, ukafanana na bakuli. Ukaitwa Yale Bowl kwa sababu ya umbo lake. Mwaka 1922 mji wa Pasadena, California, ulifungua uwanja wake, nao ukaitwa Rose Bowl, kwa kuwa mji huo ulikuwa na sherehe maarufu ya mawaridi kila mwaka mpya. Kabla ya hapo, tarehe 1 Januari 1902, sherehe hiyo ilikuwa imekwisha kuandaliwa mchezo, ambapo Michigan iliishinda Stanford kwa alama 49 kwa 0. Lakini wakati huo hapakuwa na bakuli katika jina. Jina la uwanja ndilo lililohamia kwenye mchezo. Miji mingine ikaiga, kila mmoja ukaanzisha mchezo wake wa mwisho wa mwaka na kuupa jina la zao au sifa ya mahali pake: machungwa, sukari, pamba, jua.

Basi neno lilisafiri hatua mbili: kutoka chombo cha kulia kwenda uwanja wenye umbo la chombo hicho, na kutoka uwanja kwenda mchezo unaochezwa baada ya ratiba ya kawaida kumalizika. Huko lilikofika halina tena habari ya chombo wala ya umbo. Stagg Bowl yenyewe imechezwa katika miji mingi na viwanja vya maumbo mbalimbali, kwa mfano Phenix City, Alabama, Salem, Virginia, na Canton, Ohio. Na mahali popote ilipokwenda jina halikubadilika.

Kwa hiyo anayeandika “Bakuli la Stagg” analirudisha neno nyuma hatua mbili ambazo wenyewe walikwisha kuzisahau. Ubaya wake huonekana wazi zaidi katika mchezo mwingine wa vyuo vya aina hii, Mineral Water Bowl wa mji wa Excelsior Springs, Missouri. Mji huo ulipata sifa kwa chemchemi zake za maji ya madini, na jina la mchezo limetokana na sifa hiyo. Tukiandika “Bakuli la Maji ya Madini”, msomaji ana haki ya kuuliza bakuli hilo linauzwa kiasi gani.

Uzuri na ubaya wa “kombe”

Mfasiri mwenye busara zaidi ataliacha bakuli na kushika kombe. Tunakiri kwamba chaguo hili lina mvuto, na historia ya neno letu inalipa nguvu. Kombe lilikuwa sahani kubwa ya kupakulia chakula. Katika mwambao kombe pia ni dawa: aya za Kurani huandikwa kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akayanywa. Baadaye neno likachukua maana ya chombo anachopewa mshindi, na mwishowe maana ya mashindano yenyewe. Tusemapo Kombe la Dunia au Kombe la Mapinduzi, hatufikirii sahani, tunafikiria mashindano. Kwa hiyo kombe na bakuli la Wamarekani wamesafiri safari zinazofanana, kila mmoja katika lugha yake, bila ya mmoja kumwiga mwenziwe.

Lakini safari zinazofanana si lazima ziishie bandari moja. Kombe kwetu ni mashindano ya timu nyingi. Zinaingia kumi na sita au thelathini na mbili, zinatolewa moja moja, na anayebaki ndiye bwana. Mchezo mmoja peke yake hauwi kombe. Huwa mechi ya kombe. Mchezo wa Wamarekani tunaouzungumzia ni mmoja tu, wa siku moja, wa timu mbili. Katika miaka ya 2000 na 2010, kwa mfano, Mineral Water Bowl iliwakutanisha watu ambao hawakuingia katika mchujo wa ubingwa. Walialikwa, wakacheza, wakarudi makwao. Aliyeshinda hakuwa bingwa wa kitu chochote zaidi ya siku ile. Kuuita mchezo huo kombe ni kumvika mshindi kilemba ambacho hakuvikwa na wenziwe.

Stagg Bowl, kwa upande mwingine, ni fainali. Ilianza mwaka 1969 ikiwa mchezo wa kanda tu. Tangu mwaka 1973 imekuwa ndiyo inayoamua ubingwa wa taifa wa vyuo vya kundi lake, na mwaka ule wa kwanza Wittenberg iliishinda Juniata kwa alama 41 kwa 0. Hapa kombe linakaribia ukweli, lakini bado haliufikii, kwa kuwa jina la Stagg ni la mchezo wa mwisho peke yake na si la mashindano yote yanayoutangulia. Anayesema “timu ilitolewa mapema katika Kombe la Stagg” amesema jambo lisilowezekana. Timu iliyotolewa mapema haikuifikia Stagg Bowl kabisa.

“Boli” na “tamati”

Wako watakaosema tukope: tuandike “boli”, tuliache lizoeleke. Sisi hatupingi ukopaji panapokosekana njia nyingine. Lakini kanuni tuliyoizoea hututaka kwanza tutazame Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha za jirani zake, na mwishowe lugha za kigeni. Tena boli ina tatizo lake: kwa vijana wengi wa mitaani boli ni mpira wenyewe. Neno la mkopo litakuwa limeingia nyumba yenye mwenyewe.

Sisi wenyewe tulivutiwa na “pambano la tamati”. Tamati ni neno zuri. Wasomaji wa tenzi wanalijua, na lina sauti ya jambo kufungwa. Lakini neno zuri nalo lazima lipitishwe kwenye mizani ile ile. Tangu msimu wa 2014 baadhi ya michezo mikubwa yenye jina la bakuli imekuwa ikitumiwa kuwa nusu fainali za ubingwa wa vyuo vikubwa. Mchezo ambao mshindi wake anakwenda kucheza mwingine hauwezi kuitwa tamati. Tumeliweka kando neno hilo, ingawa kwa masikitiko.

Kinachobaki ni sifa moja ambayo michezo hii yote inashiriki, iwe ya mwaliko, ya nusu fainali au ya fainali: inachezwa baada ya ratiba ya kawaida ya msimu kwisha. Kwa hiyo tunapendekeza “pambano la baada ya msimu”. Ni maneno matano, na hayana manukato. Lakini ni ya kweli kwa kila mchezo unaohusika, na neno msimu ni letu kwa muda mrefu: mabaharia wa mwambao walilitumia kwa majira ya pepo kabla viwanja vya mpira havijajengwa. Jina maalumu libaki kama lilivyo, yaani Stagg Bowl, Rose Bowl, na aina ya mchezo ielezwe pembeni yake kwa Kiswahili. Pale mchezo ulipo fainali, tuuite fainali.

Kuliacha jina maalumu kuna faida nyingine. Amos Alonzo Stagg, aliyezaliwa mwaka 1862 na kufariki mwaka 1965, alifundisha mchezo huu Chuo Kikuu cha Chicago tangu 1892 hadi 1932, na uwanja wa chuo hicho uliitwa Stagg Field. Chini ya majukwaa ya uwanja huo, tarehe 2 Desemba 1942, Enrico Fermi na wenzake waliendesha mmenyuko mfululizo wa kwanza wa kinyuklia uliodhibitiwa na binadamu. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa michezo watakutana na jina moja katika vitabu viwili. Tukilifasiri nusu hapa na kuliacha kule, tutakuwa tumekata uzi ambao mwanafunzi angeufuata.

“Daraja la tatu” na “chuo kidogo”

Tumefika sasa mahali ambapo kosa linaweza kumgharimu mtu. Mwaka 1973 chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, NCAA, kiliwagawa wanachama wake sehemu tatu na kuzipa namba. Stagg Bowl ni ya sehemu ya tatu. Mfasiri akiandika “daraja la tatu”, msomaji wa Tanzania atafanya nini? Atakumbuka matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, ambako daraja la tatu liko chini ya la kwanza na la pili. Atakumbuka behewa la treni. Atakumbuka ligi, ambako timu hupanda daraja ikishinda na kushuka ikishindwa. Katika kumbukumbu zote hizo tatu, namba ni kipimo cha ubora.

Katika sehemu ya tatu ya NCAA namba haipimi ubora. Tofauti kubwa ni kwamba vyuo vyake haviruhusiwi kumlipia mwanafunzi masomo kwa sababu ya uhodari wake wa michezo. Anaweza kusaidiwa kwa uhitaji wake au kwa alama zake za darasani, lakini si kwa nguvu za miguu yake. Tena hapana kupanda wala kushuka kwa matokeo ya uwanjani. Mount Union, ya jimbo la Ohio, ilitwaa ubingwa huu mara 13 kati ya 1993 na 2017, na ikabaki pale pale ilipokuwa. Katika ligi zetu timu ya namna hiyo ingekwisha kupandishwa miaka mingi iliyopita.

Tuangalie basi ni nani wamo katika sehemu hiyo. Wamo Johns Hopkins na Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Kimo Chuo Kikuu cha Chicago chenyewe, ambacho kiliufuta mchezo huu mwaka 1939 na kuurudia miaka mingi baadaye bila ya kurudi katika michezo ya fahari. Ofisa wa masomo anayeletewa barua yenye maneno “chuo kidogo cha daraja la tatu” atawezaje kujua kwamba inazungumzia mojawapo ya vyuo hivyo? Ataiweka barua chini ya zingine, na hakuna atakayemlaumu, maana amesoma Kiswahili kilichoandikwa. Mwenye kulaumiwa ni aliyekiandika.

“Chuo kidogo” linaongeza mzigo. Sisi tumejenga “chuo kikuu” kwa neno la ukubwa wa hadhi, kwa hiyo chuo kidogo husikika kuwa kinyume chake: taasisi isiyofikia chuo kikuu. Wamarekani hawakukusudia hivyo. Kwao udogo ulihusu zaidi ukubwa wa shughuli za michezo na idadi ya wanafunzi, na majina yao ya taasisi hayafuati mpaka wetu. Mount Union tuliyoitaja ilikuwa na jina la chuo hadi mwaka 2010, ikabadilisha na kujiita chuo kikuu. Timu ilikuwa ile ile, na mwaka uliofuata ilicheza katika sehemu ile ile ya tatu.

Tunapendekeza “fungu” mahali pa daraja: Fungu la Kwanza, la Pili, la Tatu. Watumishi wa serikali wamelizoea neno hili katika kitabu cha bajeti, ambako kila wizara ina fungu lake, na hapana anayedhani kwamba fungu lenye namba kubwa ni la wizara dhaifu. Namba hutambulisha tu. Sokoni nako mafungu ya nyanya hupangwa bila ya moja kuwa mkubwa wa jingine kwa cheo. Na badala ya “vyuo vidogo” tuseme “vyuo vya Fungu la Tatu”, tukiongeza, pale msomaji asipojua, kwamba ni vyuo visivyotoa ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo.

“Kandanda” na “bao”

Kandanda lina mwenyewe, na mwenyewe ni mchezo wa mpira wa duara unaopigwa kwa miguu. Mchezo wa Stagg hutumia mpira wenye ncha mbili, ambao mara nyingi hubebwa au hurushwa kwa mikono. “Mpira wa miguu wa Kimarekani” ni tafsiri inayojipinga yenyewe. Kiswahili kina utaratibu mzuri wa kuita michezo kwa neno mpira na sifa yake: mpira wa kikapu, mpira wa wavu, mpira wa mikono. Kwa utaratibu huo “mpira wa Kimarekani” unatosha. Yuko atakayesema kwamba mpira wa kikapu nao ulianzia Marekani, na ni kweli. Lakini huo umekwisha kupata jina lake.

Kosa la mwisho tunalotaka kulitaja ni la hesabu. Tarehe 15 Desemba 2023, mjini Salem, Cortland iliishinda North Central katika Stagg Bowl kwa 38 kwa 37. Mfasiri wa haraka ataandika “mabao 38 kwa 37”, na msomaji atashangaa walinda lango walikuwa wapi. Katika mchezo huu anayeufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho hupata alama sita. Baada ya hapo timu huchagua: kuupiga mpira kati ya milingoti kwa alama moja, au kujaribu kuufikisha tena kwa alama mbili. North Central, ikiwa bingwa mtetezi, iliufikisha mpira dakika za mwisho na kubaki nyuma kwa alama moja. Ingeweza kutafuta sare kwa teke. Ilichagua alama mbili ili ishinde pale pale, ikazuiwa, na ubingwa ukaenda Cortland.

Uamuzi huo ndio roho ya mchezo wote, na hauwezi kusimuliwa kwa neno bao, kwa kuwa bao kwetu lina thamani moja daima. Tuseme “alama” kwa kinachohesabiwa, na kwa tendo la kuufikisha mpira tunapendekeza “mfikisho”. Wapo wanaopenda “mguso”, lakini mpira hauhitaji kugusishwa chini. Hutosha uvuke mstari ukiwa mikononi mwa mchezaji. Mguso tuwaachie wachezaji wa raga, ambao kwao kuugusisha ni sharti.

Sentensi yetu sasa

Tukirudi kwenye sentensi ya mfano, sasa itasomeka hivi: “Kijana huyu alicheza mpira wa Kimarekani katika Stagg Bowl, fainali ya ubingwa wa vyuo vya Fungu la Tatu, ambavyo havitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo.”

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, na tunajua kwamba urefu si sifa. Lakini tulinganishe anachoondoka nacho msomaji. Kutoka ile ya kwanza aliondoka na kijana aliyecheza soka ya ngazi ya chini katika chuo duni. Kutoka hii anaondoka na kijana aliyefika mchezo wa mwisho wa taifa zima, bila ya kulipwa kwa ajili yake, huku akisoma. Vijana hao wawili hawawezi kupewa jibu moja na ofisa yeyote mwadilifu.

Katika uhakiki huu hatukulitupa neno hata moja kwa kuwa ni baya. Bakuli, kombe, daraja, kandanda na bao ni maneno mema, yenye kazi zao, na hatupendi yaondolewe katika kazi hizo. Tulichokikataa ni kuyatuma mahali ambapo yatatoa ushahidi wa uongo. Mfasiri asilitazame neno la kigeni kwa sura yake pekee. Alitazame kwa safari yake na mahali lilipofikia. Kisha alitazame neno letu vivyo hivyo, maana nalo limesafiri, na msomaji anakuja na kumbukumbu za safari hiyo.

Mapendekezo yetu, yaani pambano la baada ya msimu, fungu, mpira wa Kimarekani, alama na mfikisho, hayajasanifiwa bado. Tunayaweka mbele ya walimu, wafasiri na watumishi wa ofisi wayatumie, wayapime na wayapinge palipo na sababu. Mwenye neno bora kuliko mfikisho, hasa akilipata katika lahaja au lugha ya nyumbani kwake, atuandikie pamoja na mfano wa sentensi.